Anayeenda Guangzhou: laini ya Bongo usiitoe kwenye simu!

Mkuu, hiyo iPhone uliyoandika kwamba umeonyeshwa pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ya laki sita na nusu, "inasoma laini zote", usiilipe. Kama umeshatoa kishika uchumba, nenda kakae hapo dukani mpaka warudishe.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Unaenda Canton Fair, yale maonyesho ya biashara ya Guangzhou, China, ya Oktoba, siku 12, unauliza uchukue simu gani, laini ununulie wapi, bando la kiasi gani linatosha na chaja za kule zikoje. Sawa. Halafu ukamalizia kwa kusema, "laini ya Bongo nitaitoa nikishuka tu, nisije nikaliwa salio." Hapo moyo ukanipiga paa. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, na yalinigharimu milioni nne na laki sita. Shemeji yenu hesabu hiyo anaijua mpaka mia ya mwisho, na huwa anaikumbuka kila nikigoma kununua pazia.

Nilikwenda na iPhone kama hiyo yako, ya trei moja, laini moja. Muuzaji kijana mpole, anaapa kwa mama yake mzazi, akaniambia imetoka Marekani na haina tatizo. Nikaweka laini yangu mbele yake, ikashika. Nikapiga nyumbani, ikaita. Ningemshuku kwa lipi? Kumbe simu ilikuwa imefungiwa mtandao mmoja wa huko Marekani, naye alikuwa amebandika kwenye laini kijichipu chembamba kama ganda la kitunguu. Mafundi wanakiita R-SIM. Kazi yake ni kuidanganya simu iamini kwamba laini uliyoweka ni ya ule mtandao ulioifunga. Ukiwa Dar inatembea vizuri tu, hata mwaka. Balaa ni siku utakayochomoa.

Nikashuka Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, na usingizi wa safari nzima kichwani, pamoja na ushauri wa mkuu wa grupu letu la WhatsApp la wafanyabiashara: "Mkishuka tu, toeni laini ya nyumbani, itawafyonza." Bwana huyo alikuwa anaandika kama balozi wetu Beijing. Baadaye nikaja kujua hajawahi kuvuka mpaka wa Tunduma.

Kwenye kibanda cha laini wakachukua pasipoti, wakanipiga picha ya uso, maana kule laini haitoki bila hivyo. Dada akachukua kipini, akachomoa trei. Laini yangu ikatoka na lile ganda la kitunguu likining'inia pembeni. Akanitazama kama daktari aliyeona kitu kwenye eksirei. Akaweka laini ya China, simu ikaikataa. Akarudisha ya Bongo, nayo ikakataliwa, maana kale kachipu kakishabanduka na kuharibika, simu inarudi kwenye kifungo chake. Basi laini yangu nikaichomeka katikati ya kurasa za pasipoti, nikajiambia nitaishughulikia hotelini.

Laini za siku hizi zimekatwa mpaka zimekuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilipofika hotelini Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, nikafungua pasipoti mapokezi, hakuna kitu. Nilikung'uta begi, nikakung'uta na viatu. Nilikung'uta hata soksi, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Hapo bado nacheka. Nasema si kitu, hoteli ina waifai, nitaongea na nyumbani WhatsApp. WhatsApp ikazunguka kama feni mbovu. China WhatsApp, Google na Facebook vimezuiwa, na VPN, ile programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, sikuwa nimepakua kabla ya kuondoka. Kesho yake nikanunua kisimu cha bei chee, nikaweka ile laini ya China, nikawa napatikana na Wachina wote. Nyumbani walinipata siku ya tatu, kupitia simu ya Mtanzania mwenzetu niliyekutana naye kwenye foleni ya wali.

Sasa njoo kwenye pesa. Nilikuwa na oda ya vigae kiwanda kimoja Foshan, mji jirani na Guangzhou. Asilimia 30 nilishawalipa nikiwa Dar, asilimia 70 niwalipe nikikagua mzigo, kabla haujapakiwa. Nikakagua, safi. Nikafungua programu ya benki kwa waifai ya kiwandani, nikajaza kila kitu, ikaniambia niingize zile namba sita zilizotumwa kwa SMS. Na zilitumwa kweli! Zilikwenda kwenye laini ambayo wakati huo pengine ilikuwa chini ya soli ya mtu pale Baiyun.

Nikapiga benki. "Mteja, tumetuma kwenye namba uliyosajili." Nikamwagiza mke wangu aende duka la mtandao wa simu na kopi ya kitambulisho changu cha NIDA, warudishe laini. Wakamwambia mwenye kidole aje mwenyewe. Kidole kilikuwa Guangzhou, mama, na mimi nimeungana nacho! Sheria yenyewe naielewa, ndiyo inayomzuia mwizi asijichukulie laini yangu akanikomba. Mwenyewe nilipanga foleni Januari 2020 kuweka alama za vidole laini zisije zikazimwa. Ila siku ile ningeambiwa kikiwekwa kwenye bahasha kitapokelewa, sijui. Na pesa za kwenye simu, zile ambazo mke wangu angeweza kunisaidia kuzihamisha, nazo zimefungwa kwenye laini hiyo hiyo.

Kiwanda kilinisubiri mpaka Ijumaa. Jumamosi vigae vikauzwa kwa mtu mwingine, na kwenye mkataba ilikuwa imeandikwa, nimesaini mwenyewe, kwamba malipo ya awali hayarudi. Hiyo ndiyo milioni nne na laki sita.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine utasahau: LAINI YA BONGO HAITOKI KWENYE SIMU. Usiitoe uwanjani, usimpe dada wa kibandani, usiihamishe "mara moja tu". Ya China iweke kwenye tundu la pili, au nunua kisimu kingine kwa ajili yake tu. Samsung, Tecno, Infinix, yoyote ya laini mbili uliyoinunua mpya duka la kueleweka, inatosha. Uzuri wa kamera utaukuta kwa Wachina.

Kabla ya kupanda ndege washa roaming, yaani huduma ya laini ya nyumbani kufanya kazi nje ya nchi, kwenye laini hiyo ukiwa bado Dar, weka salio kidogo, halafu zima data ya roaming kwenye simu ndiyo ikulinde na huko kuliwa unakokuogopa. Mimi kwa mtandao wangu SMS zinazoingia hazikati kitu. Kupokea simu ndiko kunakata, kwa hiyo wakikupigia usipokee, waambie wakuandikie. Ukiwa unaunganisha ndege Addis au Doha, mwambie mtu akutumie SMS. Kama haiingii, bora ujue ukiwa hapo kuliko ukiwa kiwandani umeshikilia kalkuleta.

Na kitu ambacho yule balozi wa Tunduma hakukijua: ukitumia data ya laini ya nyumbani ukiwa China, trafiki yako inapitia mtandao wa nyumbani, ndiyo maana WhatsApp inafunguka bila VPN. Ni ghali, usiangalie nayo mpira. Lakini siku ya dharura iwashe dakika tano, umeshaongea na watu.

Kadi ya benki iunganishe na Alipay na WeChat, programu za simu za kulipia kule, ukiwa bado sebuleni kwako, maana nazo zitaomba zile namba za SMS. Kule muuza ndizi analipwa kwa kuskani.

Kama umeng'ang'ania iPhone, na najua umeng'ang'ania, chomoa trei mwenyewe, pitisha ukucha kwenye laini uone kama kuna kijichipu kimebandikwa. Kisha ingia settings, general, about, shuka mpaka chini kwenye carrier lock. Pasipoandikwa "No SIM restrictions", salimia uondoke. Akikuletea ya Marekani kuanzia iPhone 14, hiyo haina hata trei, laini ya kadi utaiweka mfukoni.

Na wewe uliyemjibu hapo juu kwamba "anunue tu laini uwanjani, mengine yatajipa", ungekuwa karibu ningekununulia soda nikumwagie.

Hiyo iPhone bado ninayo, mwanangu anachezea gemu. Mkuu, kachomoe hiyo trei leo, urudi hapa utuambie umekuta nini.