Ukitafuta kikundi cha kuacha pombe Nakuru, angalia kwanza njia ya kwenda

Kikundi cha kwanza nilichopata kilikuwa na watu wazuri sana na bado nilirudia pombe wiki ya tatu, na shida ilikuwa njia. Naishi Free Area na mkutano ulikuwa upande ule mwingine wa mji, kwa hivyo lazima nishuke steji, nitembee, nitafute matatu ya pili, na kati ya hizo steji mbili kuna baa yenye wahudumu wanajua jina langu na la mtoto wangu. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara uko kwa simu. Nikajiambia naingia kusalimia tu. Nilifika nyumbani kesho yake adhuhuri, bila simu, na bibi yangu hakuniuliza kitu, na hiyo kunyamaza kwake iliniuma kuliko kelele.

Ndio maana nasema usianze na kutafuta kikundi kizuri, tafuta chenye unaweza kufika bila kupita mahali pako pa kunywa, na kama inawezekana kikutane saa ile ile kiu inakushikanga. Yangu ilikuwa saa kumi na moja, nikitoka kazi. Mkutano wa Jumamosi asubuhi ni mzuri lakini Jumamosi asubuhi mimi sikuwa na vita.

Sasa kupata. Mimi nilianza na 1192, hiyo ni namba ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haikati kredo, unapiga saa yoyote hata usiku. Unaongea na mtu, anakuelekeza kwa washauri na matibabu. Halafu kuna Alcoholics Anonymous, wengi tunaita AA tu, ilianzia mji wa Akron kule Marekani mwaka wa 1935, dalali wa hisa na daktari, wote walevi, wakagundua mlevi akiongea na mlevi mwenzake wote wawili wanapata nguvu ya kukaa bila kunywa. Mikutano iko Kenya pia. Lakini usiamini orodha ya intaneti bila kupiga simu, siku zinabadilika na vyumba vinabadilika. Mimi nililipa nauli nikafika ukumbi wa kanisa fulani nikakuta kwaya inafanya mazoezi. Ofisini hawakuelewa naulizia nini, mwenye kunisaidia alikuwa yule mzee anashika funguo, akasema "ah, wale wa Alhamisi", akanionyesha mlango. Watu wa AA hawatangazi majina, kwa hivyo muulize mwenye funguo.

Ukipiga simu uliza kama mkutano ni wa wazi ama wa wanywaji peke yao, kwa sababu ule wa wazi unaweza kwenda na bibi ama ndugu akushike mkono, ule mwingine ni wa mwenye shida pekee. Hakuna kiingilio wala fomu, na jina unalotoa ni moja tu. Kikapu kikipita unaweka chenye uko nacho, kama huna unakipitisha. Na hata wakikutana kanisani hiyo si ibada ya kanisa hilo, kwetu kuna Muislamu wa Bondeni ambaye amekaa miaka mingi bila kunywa kuliko sisi wote.

Kitu kimoja naomba usikiruke. Kama wewe ni wa kutoa lock kila asubuhi, yaani bila kunywa mikono inatetemeka, usiache ghafla peke yako nyumbani. Unaweza kupata degedege, kuona vitu ambavyo haviko, watu hufa. Anza hospitali, mwambie daktari ukweli wa kiasi unakunywa, mimi nilipewa dawa za siku chache ndio nikaweza kukaa kwa kiti nisikilize wengine.

Siku ya kwanza mikono yangu bado ilikuwa inacheza kidogo. Mzee mmoja akashika chupa ya chai akanimiminia nusu kikombe, wengine wote akawajazia. Nilidhani ananidharau. Mpaka nikainua kile kikombe na chai haikumwagika, ndio nikaelewa aliona mikono yangu hata kabla sijakaa. Nilisema tu "leo nasikiliza" na hakuna mtu alinisukuma.

Kabla utoke omba namba za watu wawili watatu na uziandike kwa karatasi, si kwa simu peke yake, kwa sababu sisi tunajua simu zetu hupotelea wapi. Bibi yangu naye alipata Al-Anon, hiyo ni ya familia za wanywaji, wanakutana kivyao, na mimi siulizi wanaongea nini huko. Kama uko Molo ama Njoro ndani na hakuna kikundi karibu, mikutano ya Zoom iko, inakula bando lakini inashikilia mtu.

Kikundi changu cha sasa naenda kwa miguu, dakika ishirini, njia ya nyuma haina baa hata moja, niliihesabu mara mbili. Kama mwisho wa mwezi unakaribia na wewe unajijua, piga hiyo simu leo mchana, kabla saa kumi na moja ifike.