Kwa unayeanza kuchunguza ishara za bakteria: kwanza jua nani kaiumiza seli

Ukijiunga na maabara inayochunguza mawasiliano ya bakteria, utasimuliwa kwanza habari za Vibrio fischeri, bakteria wa baharini wanaotoa mwanga wakishakuwa wengi; wingi wao huujua kwa ishara, yaani molekuli ndogo wanazozitoa na kuzipokea. Ni habari ya kweli na inavutia, tangu kazi ya Nealson, Platt na Hastings ya mwaka 1970. Ubaya wake ni kwamba mgeni huondoka akidhani ishara ni mazungumzo ya bakteria wenyewe kwa wenyewe. Wewe umekuja kuangalia seli za mwenyeji wao, na hizo nazo zinasikia.

Chukua Pseudomonas aeruginosa, yule anayesumbua majeraha ya moto na mapafu ya wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito. Ishara yake inayochunguzwa zaidi ni 3-oxo-C12-HSL, molekuli ndogo yenye pete ya laktoni na mkia mrefu wa mafuta. Kimeng'enya LasI huitengeneza, protini LasR huipokea. Kwa mkia ule, inapenya utando wa seli zetu bila kubisha hodi. Ikishaingia, seli za njia ya hewa hutoa IL-8, protini ya kuita msaada, inayowaita neutrofili, seli nyeupe za damu zinazopigana na bakteria. Makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) na neutrofili wakikutana na ishara hiyo kwa wingi hufa kwa kujiua. Limfosaiti, kundi jingine la seli za kinga, hupunguza kuongezeka. Viungio vinavyozibana seli za epitheli, yaani zinazotandika njia za ndani ya mwili, hulegea. Seli zina majibu yake pia. T2R38, kipokezi kile kile cha ladha chungu cha ulimini, kipo kwenye seli zenye vinyweleo za pua, na kikizigundua ishara hizi huamsha oksidi ya nitriki inayoua bakteria. Kumbuka kwamba jeni ya T2R38 hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo seli za pua za wachangiaji wawili zikikupa majibu mawili, usikimbilie kulaumu pipeti.

Sasa mtego wenyewe. Mwanafunzi anaweka seli pamoja na bakteria wa kawaida, kisha pamoja na bakteria aliyeondolewa jeni ya lasI. Seli za kundi la pili zinapona. Anaandika: "ishara inaua seli." Hapana, hajafika huko. LasR ikikosa ishara huzimika, elastesi (kimeng'enya cha bakteria kinachokata protini) inapungua sana, na mfumo wa pili wa ishara, Rhl, unaosimamia ramnolipidi (sumu ya bakteria iliyo kama sabuni) nao huyumba, na ramnolipidi peke yake hulipua neutrofili. Huenda ishara haikuigusa seli kabisa. Ilitoa amri tu, na silaha zikafanya kazi. Ili useme ishara yenyewe ndiyo iliyotenda, ipe seli ishara iliyotengenezwa kikemia, bila bakteria. Maji ya juu yanayobaki baada ya kuwazungusha bakteria kwenye sentrifuji hayafai kwa ushahidi huo, maana yamejaa LPS (kipande cha ukuta wa bakteria kinachoamsha kinga) na vimeng'enya. Mimi nikipitia rasimu, hapa ndipo ninapotafuta kwanza.

Kuhusu kiwango: maikromola 100 utaona zimetumika kwenye makala nyingi, na kwa kiwango hicho seli nyingi zitaonyesha dhiki. Ndani ya biofilm, yaani tabaka la bakteria walioshikamana, iliyooteshwa maabara, kiwango kimepimwa hadi mamia ya maikromola. Kwa bakteria walioota wakielea kwenye majimaji ni maikromola chache. Kwenye makohozi ya wagonjwa ni nanomola, yaani sehemu za elfu za maikromola. Pima viwango kadhaa, na useme unaiga mahali gani.

Pete ya laktoni hufunguka kwenye alkali, na ikifunguka ishara haifanyi kazi tena. Midia (majimaji ya kuoteshea seli) iliyokaa nje ya inkubeta ya CO2 ikabadilika kuwa ya waridi iliyokolea tayari imepanda pH. Usiongeze ishara humo. Seramu nayo ina PON1, na ndani ya seli kuna PON2, vimeng'enya vinavyoipasua pete hiyo hiyo. Andika asilimia ya seramu uliyotumia, kila mara. Kundi linganishi lipewe DMSO, kiyeyushi cha ishara, kiasi kile kile, na lingine lipewe molekuli iliyofunguliwa pete makusudi.

Kama maabara yenu haina mashine ya kupima molekuli, bakteria wa kutambua ishara watakusaidia kwa gharama ndogo. Lakini Chromobacterium violaceum CV026 hugeuka zambarau kwa ishara za mkia mfupi tu. Zile ndefu huizima rangi hiyo. Kwa 3-oxo-C12-HSL tumia aina ya Agrobacterium iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Mwisho, majibu ya Pseudomonas usiyahamishie kwa bakteria mwingine. Vibrio cholerae hufanya kinyume: wakishakuwa wengi, HapR, protini inayoongoza jeni zao, huzima utengenezaji wa sumu ya kipindupindu na kuwezesha kutengenezwa kwa proteasi (kimeng'enya kinachokata protini) inayowasaidia kujibandua utumboni. Dawa ya kuyanyamazisha mawasiliano, ambayo kwa Pseudomonas ni wazo zuri, kwa huyu ingeweza kuiacha sumu ikiendelea kumwagika.