Anzeni na taka za jikoni, mashine isubiri

Umeuliza kama halmashauri inunue kwanza mashine ya kuchakata plastiki. Hapana. Chambueni na kupima kwa mizani taka za wiki nzima, mtaa kwa mtaa. Mara nyingi fungu kubwa ni mabaki ya chakula na majani, ambayo yakifukiwa dampo hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Hayo yawe mboji: majani makavu ndoo mbili au tatu kwa ndoo moja ya mabaki mabichi, joto la ndani nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, rundo ligeuzwe mara 5. Likinuka, limelowa au limekosa hewa, ongezeni makavu.

Kinachoua mipango hii, kusema kweli, ni lori kuchanganya tena kilichotengwa majumbani. Wakazi wakiliona hilo, hawatengi tena.