Waziri, mwenza wake na tiketi ya ndege

Nyie mnaoanza dawati la kimataifa, siku si nyingi mtaletewa habari ya waziri wa Ulaya aliyesafiri kikazi na mwanamume ambaye ni mwenza wake, na kichwa cha habari kitawajia kabla hamjafika aya ya pili. Kiacheni kwanza. Ulizeni nani kalipa na nani kafaidika.

Mimi hupenda kutumia kisa cha Guido Westerwelle, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani kuanzia 2009 hadi 2013. Machi 2010 alizuru Amerika Kusini, na mwenza wake, Michael Mronz, alikuwamo msafarani. Mronz kazi yake ilikuwa kuandaa matamasha na mashindano makubwa ya michezo, na Brazil wakati huo inajiandaa kwa Kombe la Dunia la 2014 na Olimpiki ya 2016. Hapo pana swali halali. Wapinzani walihoji pia kuhusu wafanyabiashara waliopata nafasi katika safari zake: kuna waliokuwa na uhusiano na FDP, chama chake cha kiliberali, au na biashara za ndugu yake? Upande wa waziri ulijibu kwamba Mronz alijilipia gharama zake, na Westerwelle mwenyewe alikanusha kwa hasira.

Sasa chukua kila swali, mtoe Mronz, weka mke. La biashara bado linasimama, liandike bila kumwonea mtu haya. La “kwa nini ametembea naye mbele ya wenyeji” linaanguka palepale, maana wake za mawaziri wamepanda ndege hizo miaka nenda rudi. Shida ya kisa kile ni kwamba maswali yote mawili yalitupwa kwenye kapu moja, na waliotaka kukwepa la kwanza wakajificha nyuma ya la pili.

Kuna na mwenza kufutwa jina. Mei 2017, kwenye mkutano wa NATO mjini Brussels, Gauthier Destenay, mume wa waziri mkuu wa Luxembourg, Xavier Bettel, alipigwa picha na wake za viongozi. Ikulu ya Marekani ikaichapisha picha hiyo na majina ya wote isipokuwa lake, ikasahihisha baada ya kelele. Kwa hiyo hesabu vichwa, kisha hesabu majina.

Na mwenyeji akisusa? Septemba 2010 waziri mkuu wa Iceland, Jóhanna Sigurðardóttir, mwanamke, alikwenda na mkewe Visiwa vya Faroe, vinavyojitawala chini ya Denmark. Mbunge wa huko, Jenis av Rana, akakataa kuhudhuria dhifa waliyoandaliwa. Huyo mbunge ndiye wa kupigiwa simu kwanza.