Bure ya mlangoni, bili ya dirishani: maswali yenu kuhusu matibabu ya watoto

Mwanangu ana miaka miwili. Zahanati wanamwona bure, halafu naandikiwa dawa za kwenda kununua dukani. Hiyo bure iko wapi? (Mama, Kilwa)

Mama, haki unayo. Sera ya Afya ya Tanzania ya 2007 inasema mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hawalipi kwenye vituo vya umma. Kinachokwama ni kabati la dawa. Zahanati huagiza Bohari ya Dawa (MSD) kwa fedha za serikali na wafadhili zinazoingia kwenye akaunti yake, ikijumlisha na kile inachokusanya kwa wanaolipa na wenye bima. Sasa piga hesabu. Zahanati ya kijijini ambayo foleni yake ni watoto na wajawazito inatoa dawa nyingi na kukusanya kidogo. Ya mjini, inayopokea watumishi wenye kadi za bima, inakusanya na kujaza kabati upya. Msamaha ni uleule, ila mzigo wake unaangukia zaidi kituo kisicho na kitu. Ndiyo maana kumgombeza mtoa dawa wa dirishani hakusaidii. Naye anaangalia rafu tupu kama wewe.

Kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza, dawa ikikosekana MSD, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa. Muulize mganga mfawidhi kwa upole kama dawa hiyo imeombwa huko. Jibu likiwa la kuzungusha, mtafute mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo. Kamati hiyo ina wajumbe kutoka kijijini, na matumizi ya kituo yanapita mikononi mwao. Pili, ukilazimika kununua, omba uandikiwe jina halisi la dawa na nguvu yake, si jina la kampuni. Amoksilini ya watoto, kwa mfano, ipo ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, na kwa kawaida ni rahisi kuliko ile ya chupa. Ya chupa ikishakorogwa huharibika baada ya siku chache.

Nimepeleka mtoto chanjo ya surua mara mbili, nimerudishwa kwamba watoto hawajatosha. Nauli ya bodaboda nani ananirudishia? (Mama, Kasulu)

Hakuna, na hasira yako ni ya haki. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga ndani ya kichupa cha dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake haikai zaidi ya saa 6, inayobaki inamwagwa. Muuguzi anayeulizwa kila mwezi kuhusu dozi zilizomwagwa huona heri asubiri watoto wafike sita au saba. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja, maana dozi tisa zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto asiyerudi. Na anayeshindwa kurudi ni yule wa mbali.

Uliza siku ambayo kituo chako hufungua kichupa cha surua, na andika kwenye kadi ya kliniki. Fika asubuhi. Dozi ni mbili, miezi 9 na miezi 18. Ukichelewa hauanzi upya, unaendelea ulipoishia. Kinamama wanaotoka kitongoji kimoja wakienda siku moja, udhuru wa kichupa unakwisha.

Nitajuaje kama kikohozi cha mtoto ni nimonia? Zahanati iko kilomita 12. (Baba, Kilindi)

Hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Funua kifua, tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne ndiko kunakodanganya watu, kwa sababu watoto hupumua kwa kupokezana, haraka kisha taratibu. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Akifikia idadi hiyo, safari ya kilomita 12 ni ya leo, si ya kesho.

Asiyesubiri hata kuhesabiwa pumzi ni huyu: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, mapafu yanahangaika.

Zahanati wakithibitisha nimonia isiyo kali, tiba ni amoksilini mara mbili kwa siku, kwa kawaida siku 5. Wa miezi 2 hadi 11 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 250 kila mara, wa mwaka mmoja hadi mitatu viwili. Wengi huacha siku ya tatu homa ikishuka na kumwekea mdogo wake zilizobaki. Usifanye hivyo.

ORS, ile dawa ya unga ya kuharisha, naichanganyaje? (Dada wa kazi, Mbagala)

Pakiti nzima kwenye lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita. Si kikombe: ikiwa nzito inazidisha kuharisha. Wa chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo, kwa kijiko, na ikipita saa 24 mwaga. Dai na zinki, maana hiyo husahaulika: miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa wa chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14 hata akipona mapema.

Kituo chetu cha afya kina mashine ya oksijeni ila tunaendelea kuandika rufaa. Tufanyeje? (Muuguzi, Kanda ya Ziwa)

Kwa mliyoandika, kwenu mashine ipo, umeme unakatika, mipira ya puani ni ya watu wazima na kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu hakipo. Basi anzeni na kipimo. Bila hicho mnakisia, na weusi wa midomo huonekana mtoto akiwa ameshachelewa. Kikisoma chini ya asilimia 90, wekeni oksijeni. Kichanga hutosheka na nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, mkubwa wake lita 1 hadi 2. Kwa hiyo mashine ya lita 5 yenye kigawanyio huweza kuhudumia hata watoto wanne kwa pamoja, jambo ambalo vituo vingi hawalitumii.

Mashine ya ukubwa huo hula wati 350 hivi, kwa hiyo sola ya taa za wodi haiwezi. Wekeni mtungi mkubwa wa akiba: wa lita 6,800, ukitoa lita 1 kwa dakika, hukaa zaidi ya siku nne. Ile sponji ya kuchuja vumbi nyuma ya mashine ioshwe kwa sabuni kila wiki na ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Vumbi likiziba, mashine inanguruma kama kawaida huku oksijeni inayotoka imepungua nguvu, na hakuna anayejua.

Mtoto mchanga akizidiwa usiku na gari hakuna? (Bibi, Shinyanga)

Bibi, piga 115, ni bure. Mfumo wa m-mama husafirisha wajawazito, waliojifungua karibuni na vichanga. Gari la wagonjwa likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa hutumwa na analipwa na mfumo, si na wewe. Mtoto wa mwaka mmoja hakuwekwa kwenye mpango huu, na hilo ni pengo. Ila sababu ya kuanzia kwa vichanga inaeleweka: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 43 kati ya 1,000 wanafariki kabla ya miaka mitano, na 24 kati ya hao ni ndani ya mwezi wa kwanza.

Wakati gari linakuja, mvue nguo, abaki na nepi na kofia, mweke kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, mfunge na khanga mbili juu. Apande hivyohivyo. Na kadi ya kliniki iwe mkononi, siyo kwenye begi.