Programu ya kugawana gharama: anza na hela ya kutolea

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa chuo aliniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kutengeneza programu ya simu ya marafiki kugawana gharama. Nianze na lugha gani?" Marahaba, mdogo wangu. Mimi nilitumia Flutter, zana ya kutengenezea programu inayotumia lugha ya Dart. Ukitumia lugha ya Kotlin utafika vilevile. Hilo tuliweke pembeni, maana halijawahi kuninyima usingizi. Yaliyoninyima usingizi ni mengine kabisa.

Yangu ilizaliwa kwenye nyumba tuliyopanga na wenzangu Sinza. Kodi ya miezi sita mbele, umeme wa LUKU, maji, gesi, hela ya taka. Grupu letu la WhatsApp lilijaa picha za meseji za miamala na kila mtu alikuwa na hesabu yake kichwani. Nikaanza kuchora skrini kwenye daftari la kaunta usiku, nikitoka kazini. Leo inatumika na nyumba yetu, na marafiki wanaopanga safari za Zanzibar, na hata kamati za kitchen party ambazo sizijui. Najivunia sana na sitaki kuficha.

Kabla ya hapo niliipeleka kwenye shindano la wabunifu. Jaji mmoja akasema Splitwise, programu ya kugawana gharama kama yangu, ipo tangu 2011, mimi naleta kipi kipya? Wenzake wakatikisa vichwa, nikaambiwa muda wangu umekwisha. Bado inaniuma, kwa sababu jibu nilikuwa nalo mkononi na hakuna aliyetaka kulisikia. Splitwise ni kazi nzuri, watu waliotengeneza kule Providence, Marekani, walitatua shida ya watu wao. Lakini haijui hela ya kutolea ni nini, yale makato ya kutoa pesa ya simu kwa wakala.

Chukua mfano. Nakudai 20,000 ya gesi. Umenitumia 20,000 kavu. Nikienda kwa wakala, makato yananipunguzia, mkononi sipati 20,000. Je, deni limeisha? Kwetu nyumbani swali hili lilishawahi kuwanunisha watu wawili kwa muda mrefu. Anayedai anasema ungeweka na ya kutolea. Anayedaiwa anasema yeye kalipa kamili, meseji hii hapa. Wote wawili wana haki, na programu inayoandika tu "amelipa" inawaacha pale pale.

Mimi nililiweka swali hilo mwanzoni kabisa, siku kundi linapoundwa: ya kutolea anabeba nani? Mtumaji, mpokeaji, au hakuna, kwa sababu hela haitolewi: anayedaiwa ananunua LUKU inayofuata moja kwa moja na deni lake linapungua. Chaguo hili la tatu ndilo linalopendwa kuliko yote, na lilitoka kwa mwenzetu wa chumba cha mbele ambaye hajui lolote kuhusu kompyuta.

Na usiandike viwango vya makato ndani ya programu yako. Julai 2021 serikali ilipoleta tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala juu ya makato ya kawaida, kila jedwali lililokuwa limeandikwa kabla ya hapo lilikufa siku moja. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa, jedwali likafa tena. Mwache mtumiaji aweke kiasi kilichoandikwa kwenye meseji yake. Kile ndicho ukweli.

Kuhusu kugawanya, weka shilingi kama namba nzima, usiguse desimali. Halafu kumbuka 10,000 kwa watu watatu ni 3,333 na shilingi moja inabaki, na hakuna mtu Dar mwenye sarafu ya shilingi moja mfukoni. Mimi nazungusha kwenye 50: wawili wanalipa 3,350, aliyetoa hela anabeba 3,300. Nafuu ndogo ile inamwendea aliyewahi kuingia mfukoni. Hakuna aliyelalamika hadi leo.

Kuna jambo vitabu vinalisifu sana, la kufupisha madeni. Mimi nadaiwa na wewe 12,000, wewe unadaiwa 12,000 na mwenzetu, basi mimi nimtumie yeye na tumemaliza. Watu watano hata wakidaiana kila upande, miamala haitazidi minne. Makato yanapungua, ni kweli. Lakini mimi nilikopa kwako, sikukopa kwake! Pengine nisingependa ajue kwamba nilikopa. Kwa hiyo programu yangu inapendekeza tu, na haifupishi mpaka wote watatu wabonyeze kukubali. Jambo hili nalisimamia kwa nguvu zangu zote. Siri ya deni ni heshima ya mtu, na hakuna hesabu iliyo muhimu kuliko hiyo.

Ndiyo maana pia niliondoa orodha ya wadaiwa yenye rangi nyekundu. Arifa inatoka kwa wote kwa wakati mmoja, hata kwa aliyekwisha kulipa: "Hesabu ya LUKU ya mwezi huu iko tayari. Sehemu yako ni 14,500." Hakuna anayenyooshewa kidole, na hakuna anayelazimika kumpigia rafiki yake simu ya kudai, kazi ambayo wengi wetu tunaona bora tupoteze hela kuliko kuifanya. Kundi linachagua tarehe yake. Wengi huchagua baada ya mishahara. Januari, ada za shule zinapobana, wanaweza kusimamisha kwa pamoja.

Vijana wenzangu, tuache kukimbilia nembo na rangi kabla hatujakaa na watu. Kaeni na wapangaji wenzenu. Kaeni na dada wa kamati anayeshika daftari la michango. Muulizeni ugomvi wa mwisho ulitokana na nini, mnyamaze, msikilize mpaka amalize. Anajua kuliko majaji wote wa mashindano.

Mwisho, usishike hela ya mtu. Utashawishika kuweka mfuko wa pamoja ndani ya programu, watumiaji wenyewe watakuomba. Ukishaanza kupokea na kutunza fedha za watu umeingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na hapo unahitaji leseni ya Benki Kuu. Yangu inaandika nani katoa nini, basi. Hela zenyewe zinapita kwenye mitandao ya simu. Na namba za simu za watu usizichote zote kwenye kitabu cha simu. Omba zile za kundi tu, maana tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, namba ya mama wa mtu haikuhusu.