Kwenu mnaoanza kutafsiri habari: hii "hostilities" mnaifanyaje?

Wadogo zangu wa dawati la tafsiri, wiki hii tena nimekuta "cessation of hostilities" imegeuzwa "kumaliza uhasama". Nawapenda, lakini kwa hili nimechoka.

1. "Hostility" ni uhasama au uadui. Ikiwa ya wingi, kwenye habari za vita, ni mapigano.

Msilichukulie hili kuwa dogo. Januari 2014, mjini Addis Ababa, serikali ya Sudan Kusini na waasi wa Riek Machar walitia saini makubaliano ya kusitisha mapigano, IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ikiwasuluhisha. Sasa mwenzenu anaandika "wamekubaliana kumaliza uhasama". Msikilizaji aliye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, mwenye ndugu huko Bor, Sudan Kusini, anaelewa kwamba wakubwa wamepatana. Anaanza kuulizia nauli. Kumbe hakuna aliyepatana na mwenzake! Walichoahidi ni kuacha kupigana, na haikuchukua muda kila upande ukawa unaulaumu mwingine kwa kuvunja ahadi. Desemba 2017 wakatia saini mengine ya aina hiyohiyo, mji uleule. Mtu anaweza kumrudisha mama yake kwenye risasi kwa sababu ya neno uliloliandika ukikimbizana na taarifa ya saa moja. Mnisikie hapo.

2. Someni asili ya maneno. Hili la "hostility" limetoka kwenye hostis ya Kilatini. Cicero, mwandishi wa Kirumi wa kale, ameandika kwamba kwa mababu zake hostis alikuwa mgeni tu. Baadaye ndipo likawa jina la adui wa vitani. Yule mnayechukiana naye binafsi Warumi walimwita inimicus. Uhasama wetu una ukoo mwingine kabisa: hasimu ni khasm ya Kiarabu, mpinzani wako katika shauri. Lao lilipita vitani, letu limetoka kwenye ugomvi wa watu wawili mbele ya mwamuzi. Ndiyo maana bunduki zinaweza kunyamaza na uhasama ukabaki palepale.

3. "Animosity" ni chuki ya moyoni, ila kwenye maandishi ya karne ya 15 ilikuwa ushujaa.

4. "Hostile witness" si shahidi adui, jamani. Ni shahidi aliyegeuka dhidi ya upande uliomwita. Juzi nimesoma "shahidi mwenye uhasama" kwenye kesi ya wizi wa ng'ombe, na yule mzee hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Alikana tu maelezo aliyoyatoa polisi. Andikeni "shahidi aliyegeuka".